Mwamba Ngoma Huvutia Kwake

Wahenga walisema kwamba mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Walilisema neno hilo juu ya watu waamuao mashauri, wagawao urithi, au wasimuliao ugomvi ambamo wao wenyewe walikuwamo. Hawakuwa wakifikiria chombo cha kupimia joto, wala kitabu cha hesabu. Hata hivyo neno lao limefika mbali kuliko walivyokusudia. Mtu wa elimu aliyekaa peke yake na tarakimu zake, pasipo jirani wa kugombana naye wala shamba la kugawana, naye ana ngozi mikononi, na mikono yake yavuta. Basi swali la insha hii ni hili: mtu apendaye kweli afanyeje, ikiwa moyo wake mwenyewe watamani jibu moja kuliko jingine?

Katika kutafuta kweli twakabiliwa na wadanganyifu wawili. Wa kwanza ni upendeleo, na wa pili ni nasibu. Watu wengi huwachanganya, nao hawafanani hata kidogo. Hapa kwetu, katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet, tofauti yao yaweza kuonekana penye mizani, chombo kijulikanacho na kila mtoto wa mkulima. Mkulima hufika kituoni na gunia lake la majani mabichi; gunia hutundikwa kwenye ndoana, na macho yote huelekea penye tarakimu. Tuseme siku hiyo upepo wavuma na gunia lachezacheza. Mara mizani yasema kilo 20 na nusu, mara yasema kilo 19 na nusu. Hiyo ndiyo nasibu. Haina chuki kwa mkulima wala mapenzi kwa mnunuzi. Sasa hutwaa, baadaye hurudisha. Gunia likipimwa mara nyingi, ziada na upungufu hufutana, na wastani hukaribia uzito wa kweli.

Lakini tuseme mizani yenyewe haikurudishwa kwenye sifuri kabla ya kazi kuanza, ikawa kila gunia lapunguzwa kilo 1. Huo ndio upendeleo. Mkulima apimiwe mara 1 au mara 1,000, kilo ile hairudi. Kupima mara nyingi hakumsaidii. Tena kwamdhuru, kwa kuwa kwalipa kosa heshima lisilostahili. Watu husema, "Tumepima mara 1,000, na jibu ni lile lile." Naam, ni lile lile, nalo si kweli. Nasibu hupungua kwa wingi wa vipimo, upendeleo haupungui. Na mizani ya hatari kuliko zote ni ile ambayo kosa lake limo katika moyo wa mpimaji, naye hajui.

Mimi ni mwalimu, na kosa nitakalolitaja kwanza ni langu. Shule niliyofundisha ilikuwa na kishamba cha chai penye mteremko. Nilitaka kuwaonyesha wanafunzi wangu kwamba samadi ya ng'ombe huongeza majani. Nikagawa shamba sehemu mbili, ya juu na ya chini, nikaamuru samadi itiwe katika sehemu ya chini. Sababu yangu ilikuwa nyepesi: kubeba samadi kupanda mlima ni kazi, na kuishusha ni rahisi. Kwa miezi kadhaa tulipima kila kilichochumwa. Sehemu ya chini iliishinda ya juu kwa mbali sana. Nilifurahi, nikaandika tarakimu ubaoni kwa chaki ya rangi, nikawaambia wanafunzi kwamba leo wameiona sayansi kwa macho yao.

Msichana mmoja aliyeketi nyuma aliinua mkono. Akasema, "Mwalimu, niwie radhi. Mama yangu ndiye achumaye shamba hili. Asema sehemu ya chini huzidi kila mwaka, hata kabla ya samadi."

Darasa lilinyamaza, na mimi nilinyamaza zaidi. Neno lake lilikuwa wazi. Mvua huosha udongo mzuri kutoka juu na kuulaza chini, na unyevu hukaa chini muda mrefu. Sikuwa nimesema uongo. Kila tarakimu ubaoni ilikuwa ya kweli, na mizani ilikuwa sawa. Hata hivyo ushuhuda wa tarakimu zile zote kwa pamoja ulikuwa wa uongo, kwa sababu mimi ndimi niliyechagua wapi samadi itiwe, na uchaguzi wangu ulifuata jambo lililokuwa na nguvu juu ya majani. Nami sikulitafuta kosa, kwa kuwa jibu lilinipendeza. Ukipenda, chongo huita kengeza.

Msimu uliofuata tulianza upya. Tuliligawa shamba vipande 6 kufuata mteremko kutoka juu hadi chini, na kila kipande tukakikata nusu mbili zilizo sambamba, mkono wa kulia na mkono wa kushoto. Kisha katika kila kipande tulirusha sarafu kuamua nusu ipi itiwe samadi. Nilimpa msichana yule sarafu airushe. Mwisho wa jaribio, samadi ilishinda katika vipande 4 na kushindwa katika vipande 2. Na faida yake kwa jumla ilikuwa sehemu ndogo tu ya ile niliyojivunia mwaka uliotangulia. Mwanafunzi mmoja akauliza kama sasa tumethibitisha jambo letu. Nilimwomba arushe sarafu mara 6, tena na tena, na kuandika. Haukupita muda mrefu kabla ya kuona kwamba sarafu isiyojua lolote juu ya samadi huweza kuangukia upande mmoja mara 4 katika 6 bila taabu. Basi jibu letu la haki lilikuwa hili: yamkini samadi yafaa, lakini shamba letu ni dogo mno kulisema hilo kwa uhakika. Halikuwa jibu la kuandikwa kwa chaki ya rangi. Lakini lilikuwa la kweli.

Jambo hili la kukabidhi uamuzi kwa kura si mchezo tu wa shule. Lina historia, na kwa bahati njema sehemu mojawapo ya historia hiyo yahusu kikombe cha chai. Mwaka 1919 Mwingereza mmoja, R. A. Fisher, alianza kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, kuchungua hesabu za majaribio ya mashamba. Husimuliwa kwamba mwenzake mmoja, Bibi Muriel Bristol, alidai kuwa aweza kutambua kwa ulimi kama maziwa yametiwa kikombeni kabla ya chai au baada yake. Wengine wangecheka, na mambo yangeishia hapo. Fisher aliona swali zito: ni ushahidi gani utoshao kumsadiki mtu kama huyu, au kutomsadiki?

Katika kitabu chake cha mwaka 1935 juu ya kupanga majaribio, alieleza jaribio hilo. Viandaliwe vikombe 8. Katika 4 maziwa yatangulie, na katika 4 chai itangulie. Vikombe vipangwe kwa kura, kisha bibi achague vile 4 ambavyo yeye adhani maziwa yalitangulia. Mwanafunzi wa hesabu aweza kuhakikisha mwenyewe kwamba njia za kuchagua vikombe 4 katika 8 ni 70. Njia 1 tu kati ya hizo ni sahihi kabisa. Basi mtu asiyejua lolote, akibahatisha, atapata vyote mara 1 katika 70. Lakini tazama jinsi kosa dogo lidhoofishavyo ushahidi: njia za kupata vikombe 3 sahihi na kukosa 1 ni 16. Ukijumlisha na ile 1 ya ushindi kamili, ni 17 katika 70, yaani karibu robo. Anayebahatisha atapata vikombe 3 au zaidi karibu mara 1 katika kila 4. Aliyekosa kikombe kimoja hastahili bado kusadikiwa, ijapokuwa macho yetu yaona kwamba amekaribia kushinda.

Sasa, kwa nini kura? Kwa sababu vikombe havifanani kamwe. Kimoja ni kinene, kingine chembamba. Chai ya kwanza ni ya moto kuliko ya mwisho. Mwandazi akivipanga kwa hiari yake, atafuata desturi fulani pasipo kujua, na ulimi utapata dalili isiyohusu maziwa. Kura haivifanyi vikombe kuwa sawa, hilo haliwezekani. Huzuia tofauti zao zisiegemee upande mmoja daima. Tena hutuwezesha kuhesabu nguvu ya kubahatisha, kama tulivyohesabu sasa hivi. Hapa pana jambo la kustaajabisha. Tulisema nasibu ni mdanganyifu. Kumbe mdanganyifu huyo aweza kuajiriwa kuwa mlinzi dhidi ya mwenzake. Sarafu haina jamaa, haina kabila, haitaki cheo, wala haichoki kubeba samadi kupanda mlima.

Elimu hii ilitumiwa katika nchi yetu wenyewe. Katika miaka ya 1990, huko Busia na wilaya jirani za magharibi ya Kenya, watafiti walijiuliza kama chati za ukutani zawasaidia wanafunzi kufaulu. Njia ya kwanza ilikuwa kutazama shule kama zilivyo. Shule zenye chati nyingi zilionekana kufaulu zaidi. Mwenye haraka angenunua chati siku ile ile. Lakini shule yenye chati aghalabu ndiyo yenye wazazi wenye bidii, mwalimu mkuu mwenye mpango, na fedha kidogo za ziada. Ndiyo sehemu ya chini ya kile kishamba changu. Njia ya pili ilikuwa kuchukua shule 178, nusu zikapewa chati na nusu zisipewe, pasipo mtu kuchagua shule aipendayo. Matokeo yalipolinganishwa, chati hazikuonekana kuongeza chochote katika mitihani. Michael Kremer, mmoja wa waandishi wa utafiti huo uliotolewa mwaka 2004, alishiriki Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2019 kwa kazi za namna hii. Fikiri ni fedha ngapi na matumaini mangapi hupotea pale watu wanaposadiki njia ya kwanza.

Lakini liko jambo lililotokea Kericho yenyewe, nalo ni gumu zaidi, kwa kuwa hapakuwa na nafasi ya kurusha sarafu. Miinuko yetu, iliyo karibu mita 2,000 juu ya bahari, ina baridi isiyowafaa sana mbu wa malaria wala vijidudu waviambukizavyo. Hata hivyo, kuelekea mwisho wa karne ya 20 malaria ilirudi katika mashamba makubwa ya chai kwa nguvu. Swali likazuka: je, nchi imeongezeka joto? Mwaka 2002 Simon Hay na wenzake walitoa makala katika jarida la Nature. Walitazama sehemu 4 za miinuko ya Afrika Mashariki, Kericho ikiwa mojawapo na Kabale ya Uganda nyingine, wakasema kwamba hawakuona mabadiliko ya maana ya joto katika karne ile.

Tarakimu walizozitumia hazikusomwa moja kwa moja kutoka kipimajoto cha Kericho. Zilitolewa katika ramani ya dunia iliyogawanywa kuwa miraba, na joto la kila mraba lilikadiriwa kwa hesabu kutoka vituo vilivyopo, hata vya mbali. Wapinzani walisema kwamba katika nchi ya milima mraba mmoja huchanganya kilele na bonde, baridi na joto. Mwaka 2006 Mercedes Pascual na wenzake walitumia tarakimu mpya zaidi, za mwaka 1950 hadi 2002, wakaona joto limeongezeka. Kielelezo chao cha hesabu kilionyesha tena kwamba ongezeko dogo la joto laweza kuzidisha mbu kwa kiasi kikubwa kuliko ongezeko lenyewe. Ndipo mwaka 2011 Judith Omumbo na wenzake walipokwenda kwenye daftari za kituo cha hali ya hewa cha Kericho chenyewe, kuanzia Januari 1979 hadi Desemba 2009. Walizihakiki kwa uangalifu, wakaona joto limepanda karibu sehemu 2 za kumi za digrii kila miaka 10.

Mwaka huo huo wa 2011 ilitoka makala nyingine, ya David Stern na wenzake, nayo ndiyo nipendayo kuwasimulia wanafunzi. Walipima tena matoleo mbalimbali ya ile ramani ya dunia. Toleo la zamani halikuonyesha ongezeko. Matoleo mapya yalionyesha. Wakachukua pia tarakimu za kituo cha Kericho. Walipotazama miaka ya 1979 hadi 1995 peke yake, hawakuona ongezeko la kuaminika. Walipotazama miaka yote hadi 2009, ongezeko lilikuwa dhahiri. Kipimajoto ni kile kile na kilima ni kile kile. Katika muda mfupi, mwaka wa joto na mwaka wa baridi hupishana kama gunia kwenye upepo, na mwendo wa polepole hufichika ndani yake. Hapo wadanganyifu wote wawili walikuwa kazini: ramani ya zamani ilikuwa mizani yenye kosa, na miaka michache ilikuwa upepo.

Mambo hayakuishia hapo. Makala hiyo hiyo ilisema kwamba malaria ya Kericho, iliyopanda kati ya 1994 na 2002, ilikuwa imerudi chini, ijapokuwa joto lilizidi kupanda. Basi waliosema joto halikuongezeka walikosa, na yeyote aliyetaka joto peke yake lieleze ugonjwa wote naye alikosa. Zilikuwapo sababu nyingine, kama vile dawa ya klorokwini kushindwa na vijidudu, na wafanyakazi kusafiri kwenda na kurudi kutoka nchi za chini. Kila upande ulikuwa na ngoma yake, na ngozi haikumfuata yeyote moja kwa moja. Lakini neno nitakalo msomaji alishike ni hili: jina la Simon Hay, aliyeongoza makala ya 2002, limo pia kati ya majina ya makala ya 2011. Mtu alisema jambo mbele ya ulimwengu, kisha akaweka jina lake chini ya ushahidi uliolirekebisha. Watu wengine huliita jambo hilo aibu. Mimi naliita uungwana wa elimu.

Hapa msomaji aweza kusema: basi tumepata dawa, tutumie kura, tupime miaka mingi, na upendeleo umekwisha. La. Yule yule Fisher aliyetufundisha kura alikuwa mvuta tumbaku. Mwaka 1950 Richard Doll na Austin Bradford Hill wa Uingereza walionyesha kwamba saratani ya mapafu yawaandama wavutaji kuliko wasiovuta, na ushahidi ukaendelea kuongezeka. Kuelekea mwisho wa miaka hiyo ya 1950 Fisher aliupinga hadharani. Alisema yawezekana asili ya mtu ya kuzaliwa ndiyo imfanyayo avute na ndiyo imletayo ugonjwa. Tena alikuwa akipokea malipo ya ushauri kutoka kwa watengenezaji wa tumbaku. Hoja yake haikuwa ya kipumbavu: kwa kweli hakuna aliyepiga kura kuamua nani avute na nani asivute, na hakuna mwenye utu angethubutu kufanya hivyo. Lakini pale kura isipowezekana, mtu hana budi kuwasikiliza mashahidi wengi wa namna mbalimbali. Na mashahidi walipokuja kutoka kila upande, Fisher hakuwasikiliza. Alikosea, na wakati umeonyesha kosa lake. Alijua kuliko wote namna ya kuzuia mkono wa mtu usivute ngozi, na mkono wake mwenyewe haukuzuilika.

Kwa hiyo upendeleo si ugonjwa wa wajinga, wala elimu siyo chanjo yake. Mwenye akili nyingi aweza kudanganyika zaidi, maana ana ufundi wa kujitafutia sababu. Hesabu ni kinu: husaga kilichotiwa, unga ukatoka mweupe hata kama nafaka ilikuwa mbovu. Ndiyo maana nasema swali hili ni la tabia kabla ya kuwa la hesabu. Kura ni namna ya unyenyekevu, mtu husema kwa tendo, "Sijiamini vya kutosha kuchagua." Kuhifadhi tarakimu zote, pamoja na zile zituudhizo, ni namna ya uaminifu. Kusema "shamba letu ni dogo mno" ni namna ya ushujaa, maana watu hupenda mwenye jibu kuliko mwenye haki.

Kijana msomaji, huenda usiwe mtaalamu wa hesabu, lakini kila siku utapima watu na mambo. Utamhukumu jirani kwa kosa moja uliloona. Utasifu dawa kwa sababu ulipona baada ya kuinywa. Utasadiki habari mbaya juu ya watu usiowapenda, na kuitilia shaka habari ile ile juu ya jamaa zako. Kabla ya kupima, andika swali lako, na useme ni jibu gani litakalokufanya ukiri kwamba umekosa. Kama hakuna jibu la namna hiyo, hutafuti kweli, watafuta shahidi. Ukiona jambo mara moja, kumbuka upepo na gunia. Ukiliona mara nyingi, kumbuka mizani isiyorudishwa kwenye sifuri. Na jibu likikupendeza sana, hapo ndipo uulize mara mbili.

Mimi nilibahatika. Kosa langu lilinifikia kwa sauti ya upole kutoka nyuma ya darasa, kutoka kwa binti aliyeomba radhi kwanza kabla ya kusema kweli. Hakuhitaji kuomba radhi. Tangu siku ile, kila niandikapo jibu ubaoni, huiweka chaki chini, na kuuliza kama yuko mtu ambaye mama yake ajua vingine.